Kiwanja Kwanza, Nyumba Baadaye

Leo tuzungumze juu ya kiwanja cha nyumba. Usiseme, "Ah, hilo si la bwana shamba, hilo ni la fundi." Fundi atakuja, lakini kabla yake kuna swali: nyumba ikae wapi katika ardhi yako? Swali hilo lina historia katika nchi yetu ya Tanzania, na historia hiyo bado inatufaa.

Tuanzie Rufiji. Zamani Warufiji wengi walikaa bondeni, karibu na mashamba yao. Mto ulipofurika uliacha udongo mpya wenye rutuba. Walilima mpunga, na maji yakipungua walipanda tena mahindi na pamba katika unyevu uliobaki. Kilimo hicho wanakiita mlao. Nyumba walijenga penye miinuko, na shambani waliweka dungu, yaani kibanda juu ya nguzo, wapate kulinda mazao yasiliwe na ndege na nguruwe.

Mwaka 1968 mafuriko yalikuwa makubwa mno. Mwaka 1969 Serikali ikawahamishia watu kwenye ardhi ya juu, nje ya bonde. Huko nyumba zilisalimika na maji, na ikawa rahisi kuwapelekea watu shule na zahanati. Lakini udongo wa huko juu ni wa mchanga, na shamba zuri la mpunga lilibaki kule kule bondeni. Basi msimu wa kilimo ulipofika, wengi walirudi kukaa vibandani shambani. Familia moja, makao mawili.

Sasa twende Dodoma. Mgogo alijenga tembe, nyumba fupi yenye paa la bapa lililofunikwa udongo. Ng'ombe walilala uani, na samadi ilikwenda kwenye shamba lililozunguka nyumba. Operesheni ya kuhamia vijijini ilifika huko mapema, mnamo 1971. Kisha Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba kuishi vijijini ni amri kwa nchi nzima, na kazi hiyo iwe imekwisha mwaka 1976. Mamilioni ya watu walihama. Mahali pengi viwanja vilipimwa kwa mistari kando ya barabara, na kwa haraka.

Vijiji vilileta mema. Watoto wengi waliingia darasani kwa sababu hiyo. Hata hivyo, kamba ilipima urefu wa kiwanja, haikupima udongo. Nyumba nyingine ziliangukia kwenye ardhi nzuri ya kulima, nyingine mahali pa kutuama maji. Mifugo ilijazana mahali pamoja, nyasi zikakanyagwa zikaisha, na samadi ikawa mbali na shamba.

Leo, ndugu mkulima, wewe mwenyewe unachagua. Basi fanya hivi.

Kwanza, hakikisha ardhi ni yako kweli. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji. Nenda kwao, na majirani waje waone mipaka.

Pili, ukiweza, tazama msimu mmoja wa mvua kabla ya kujenga. Maji yanatoka wapi, yanapita wapi, yanatuama wapi? Waulize na wazee, wao wanakumbuka mafuriko ambayo wewe hukuyaona.

Tatu, chimba shimo uone udongo. Ule mweusi wa mbuga huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na ukuta nao utapasuka. Penye mawe au changarawe pape nyumba. Penye rutuba pape mahindi.

Nne, usifyeke kiwanja chote kikabaki kipara. Safisha pa kujengea tu, acha miti ya kivuli na ya kukinga upepo. Ule udongo wa juu, sentimita 15 hadi 20, usiutupe. Uchote uupeleke bustanini kabla ya kuchimba msingi. Kama pana mteremko, chimba mtaro upande wa juu wa nyumba, maji yaelekee penye majani au migomba, yasimwangukie jirani.

Tano, panga kila kitu kabla ya tofali la kwanza. Choo kiwe upande wa chini wa kisima, na umbali usipungue mita 30. Zizi liwe mahali ambapo upepo hauleti harufu jikoni, tena karibu na shamba, maana samadi ni mzigo mzito na mgongo ni wako.

Kama una shaka juu ya udongo au mteremko, mwite bwana shamba au bibi shamba wa kata yako mtembee naye kiwanjani kabla fundi hajafika. Kwa leo tuishie hapo. Kazi njema, ndugu mkulima.