Ua la Bia Kwenye Kiwanda cha Sukari

Tangu tuongelee sukari, wengi mmeuliza: hapa Uingereza muwa hauoti, sasa sukari ya chai inatoka wapi? Nyingine inatoka kwenye kiazisukari, mzizi mnene mweupe unaolimwa hukuhuku. Mwaka 1747 Andreas Marggraf, mkemia wa Berlin, aligundua kwamba sukari yake ni ileile ya muwa. Mwanafunzi wake, Franz Karl Achard, ndiye aliyeanzisha kiwanda cha kwanza, huko Cunern, Silesia, mwanzoni mwa karne ya 19. Kile cha Cantley, Norfolk, kilifunguliwa 1912.

Mimi lakini kilichonivutia ni vita vya ndani ya mitambo. Kiazi hukatwa vipande vyembamba na kupitishwa kwenye maji ya moto, nyuzi 70 hivi, ili sukari itoke. Wapo bakteria wanaostahimili joto hilo. Wanakula sukari, wanaacha asidi, kiwanda kinakula hasara.

Kwa miaka mingi dawa yake ilikuwa fomalini, ileile ya kuhifadhia maiti. Bakteria inawaua kweli, ila mvuke wake unachoma macho na koo. Mwaka 2004 IARC, taasisi ya WHO ya utafiti wa saratani, ilitangaza kuwa fomaldehidi husababisha saratani kwa binadamu. Na anayeivuta kwanza ni mfanyakazi, si mimi na wewe tunaokoroga chai.

Miaka ya 1990 watafiti wa Austria wakageukia hopsi, ua linaloipa bia uchungu. Kwani walibahatisha? Hata kidogo. Karne ya 12 mtawa Hildegard wa Bingen alishaandika kwamba uchungu wa hopsi huzuia vinywaji visioze. Asidi zake hupenya utando wa bakteria na kuwadhoofisha. Wapika bia hutafuta zaidi asidi ya alfa. Viwanda vya sukari vikachukua ya beta. Utomvu wa msonobari nao ukaingia kazini. Wagiriki wamekuwa wakiutia kwenye mvinyo tangu kale.

Najua swali linalofuata: jamani, si haramu? Hopsi ni mmea tu. Kilevi huletwa na kuchachusha. Hukumu yenyewe waulizeni wenye elimu.

Ninachowaachia ni hiki: maarifa yalikuwepo karne nane, kwenye mapipa ya bia. Viwanda vilipoyahitaji, havikuwa na haja ya kuvumbua, ila kuuliza waliotangulia.