Mgeni Aliyenyimwa Jembe

Ewe msomaji, ukisimama asubuhi juu ya vilima vya Kericho au Bomet, utaona majani ya chai yametanda hata upeo wa macho. Bahari huioni. Hata hivyo, siku mama akutumapo dukani kununua chumvi, ukatoa pesa, umekwisha kuigusa bahari. Kwani neno hilo lilivuka maji kutoka Bara Hindi, kama walivyovuka wenzake gari, bima, laki na chapati. Yafaa basi tuwajue baadhi ya watu waliovuka pamoja na maneno hayo, nao ni Wagujarati.

Nchi yao ya asili i upande wa magharibi wa Bara Hindi, yenye bandari za kale kama Cambay, Surat na Mandvi. Kaskazi ilileta majahazi yao pwani yetu yakiwa na nguo. Kusi iliyarudisha yakiwa na pembe za ndovu. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 alikuta Wahindi wamemtangulia, na wanahistoria wengi husema kwamba rubani aliyemwongoza hadi Calicut alikuwa Mgujarati. Wala usidhani kuwa watu hao ni wa dini moja. Wapo Wahindu, Wajaini, na Waislamu wa Kiismailia na wa Kibohora. Tena si kila Mhindi ni Mgujarati: hekalu kubwa la mjini Kericho ni la Wasikh, ambao asili yao ni Punjab.

Katika karne ya 19, Wagujarati wengi walikaa Unguja na Bagamoyo. Mmoja wao, Allidina Visram, aliyezaliwa Kachi mwaka 1851, alikuja akiwa kijana mdogo. Reli ilipojengwa kutoka Mombasa hadi Kisumu, kati ya mwaka 1896 na 1901, vibarua walitoka hasa Punjab; lakini Allidina na Wagujarati wenziwe waliifuata kwa maduka. Reli ile ilipita Londiani na Lumbwa, paitwapo sasa Kipkelion, na biashara ikaenea hata Kericho na Sotik.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tazama sasa jinsi serikali ya kikoloni ilivyoipindua methali hiyo. Mashamba ya nyanda za juu yalitengwa kwa Wazungu, na tangu mwaka 1908 ilitangazwa kuwa Wahindi hawatapewa ardhi huko. Mkipsigis alinyang'anywa jembe lake. Mgujarati alinyimwa asilishike kamwe. Kule Kibos, katika nyanda za chini, Wahindi waliruhusiwa kulima, nao wakalima miwa. Huku kwetu walibaki nyuma ya meza ya duka.

Matokeo yake yalikuwa machungu. Mzungu alikaa juu, Mhindi kati, Mwafrika chini. Hata shule na hospitali ziligawanywa kwa rangi. Mwafrika hakumwona gavana, bali alimwona mwenye duka kila siku, na hasira yake ikamwangukia huyo. Malalamiko mengine yalikuwa ya haki: bei, mizani, ujira mdogo, na desturi ya kujitenga. Lakini mwenye haki hupima pande zote mbili. Manilal Desai, Mgujarati wa Nairobi, alimsaidia Harry Thuku kuchapa maandishi yake kabla Thuku hajakamatwa mwaka 1922. Baadaye Ambu Patel alipigania kufunguliwa kwa Jomo Kenyatta.

Baada ya uhuru wa mwaka 1963, wengi walichukua uraia wa Kenya. Wengi wengine walishika pasi za Kiingereza. Sheria za mwaka 1967 zikawabana wasio raia katika biashara na kazi. Maduka yakafungwa, na maelfu wakakimbilia Uingereza, hata Uingereza nayo ikawafungia mlango kwa sheria ya Machi 1968, ingawa pasi zilikuwa zake. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 tu waondoke. Ndiyo sababu leo, ukitembea Leicester, waweza kukutana na bibi wa Kigujarati asemaye Kiswahili.

Mwaka 2017 serikali ya Kenya iliwatambua raia wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Ni jambo jema, lakini tangazo la serikali haliwezi peke yake kumfanya mtu kuwa jirani. Kwa hiyo nakuagiza kazi moja. Nenda kwa wazee wa kwenu ukawaulize: nani alikuwa na duka hapa? Aliwapunja? Aliwakopesha wakati wa njaa? Siku alipoondoka, mlifurahi au mlisikitika? Andika majibu yote, matamu na machungu, bila kuchagua yakupendezayo. Mzee mmoja atamlaani mwenye duka, na mwingine atamlilia. Huenda wote wawili wanasema kweli. Ukiisha kuwasikiliza wote, ndipo utakapoweza kusema nani alikuwa mgeni katika nchi hii, na nani alimfanya awe mgeni.