Muda wa Ukomo na Mwanzo Wake

Muda wa ukomo, au ukomo wa muda kama wengine wanavyopenda kusema, ni kipindi ambacho sheria humwekea mwenye malalamiko ili ayafikishe panapostahili kusikilizwa. Kipindi hicho kikimalizika kabla shauri halijafunguliwa, husemwa kwamba shauri limepitwa na muda, na mara nyingi hufa kwa pingamizi la awali, hata shahidi mmoja hajasimama. Usilichanganye jambo hili na tarehe ya mwisho ya kupeleka maombi ya kazi. Aliyeikosa tarehe hiyo amekosa nafasi ambayo haikuwa yake bado; aliyepitwa na muda wa ukomo anayo haki yake ile ile, ila mlango wa kuidai umefungwa. Wanazuoni wa fiqhi waliliona hilo zamani. Majalla, mkusanyo wa sheria uliotungwa katika dola ya Uthmaniya karne ya 19, ulitamka kwamba haki haipotei kwa kupita zama, huku ukimzuia kadhi kusikiliza madai yaliyolala muda mrefu. Katika ofisi za serikali, hata hivyo, neno ukomo husikika zaidi msimu wa bajeti, likiwa na maana ya kiwango kisichovukwa. Basi mtumishi akilisoma katika kanuni za kazi, macho yake hukimbilia mwisho: siku 30, siku 60. Hoja yangu ni kwamba katika malalamiko ya ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, mvutano wenyewe uko kwenye siku ya kuanza kuhesabu, na istilahi inayotaja mwisho peke yake inamwonyesha mtumishi upande usio na hatari kubwa.

Tuanze na kanuni zenye namba zinazojulikana. Tanzania Bara, kanuni za mwaka 2007 zinazoongoza Tume ya Usuluhishi na Uamuzi zinataka mgogoro wa kuachishwa kazi ufikishwe ndani ya siku 30 tangu kuachishwa, au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho. Migogoro mingine yote ipelekwe ndani ya siku 60 tangu ilipozuka. Sehemu ya kwanza haina shida kubwa, kwa kuwa kuachishwa kazi kuna barua, na barua ina tarehe. Shida iko kwenye hilo neno "ilipozuka". Kanuni hizo ni za Bara, lakini shida ya namna hiyo iko hata Zanzibar: chukua mfano wa Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Nyumba nyingi za pale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, vyumba vikafuata urefu wa boriti za mikoko, ngazi zikabanwa zikawa nyembamba na zenye kupanda wima, na mlango mkubwa ukawekewa kizingiti ambacho hata mzima hukivuka kwa kuinua mguu. Nyumba ya namna hiyo ikiwa ofisi, na mtumishi anayetumia kiti cha magurudumu akaomba meza yake ihamishiwe chini, ataambiwa ombi limepokelewa. Baada ya mwezi ataambiwa linashughulikiwa. Baada ya miezi mitatu ataambiwa asubiri bajeti. Hakuna aliyemkatalia wala barua aliyopewa, na kazi yake inaendelea kumpita. Mgogoro huu ulizuka siku gani?

Swali hili lina uzito kwa sababu Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unasema wazi kwamba kumnyima mtu marekebisho yanayofaa ni ubaguzi. Zanzibar ilikwisha kuwa na sheria yake ya haki za watu wenye ulemavu tangu mwaka 2006, na Bara ikafuata mwaka 2010. Kwa hiyo ubaguzi mwingi wa aina hii ni wa kutotenda: ngazi isiyowekewa njia ya mteremko, mkalimani wa lugha ya alama asiyeitwa kikaoni, waraka usioandikwa kwa nukta nundu. Tendo lina siku yake, kutotenda hakuna. Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilikutana na fundo hili mwaka 2009, katika shauri la mwalimu aliyekuwa ameajiriwa na halmashauri ya jiji la Hull kufundisha gerezani. Alikuwa amekatwa sehemu ya mkono, na milango mizito ya gereza ilimshinda. Muda wa kulalamika kule wakati huo ulikuwa miezi mitatu. Mahakama ilifafanua kwamba mwajiri asiyetoa uamuzi wowote huchukuliwa kuwa ameamua kutotenda pale muda ambao angetarajiwa kuchukua hatua unapomalizika. Ni afadhali kuliko kuhesabu tangu siku ya ombi, lakini bado inamtwisha mtumishi kazi ya kukisia: subira yake iliacha lini kuwa ya busara? Akiwahi, ataambiwa hajabaguliwa bado. Akichelewa, ataambiwa amepitwa.

Unguja kuna ugumu wa ziada. Masuala ya kazi si ya Muungano, lakini utumishi katika Serikali ya Jamhuri ya Muungano ni wa Muungano. Kwa hiyo majirani wawili wa Mwanakwerekwe, mmoja wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ) na mwingine wa taasisi ya Muungano, hawafuati sheria moja: wa kwanza ataanzia kwenye Sheria ya Utumishi wa Umma ya Zanzibar ya mwaka 2011, wa pili kwenye ile ya mwaka 2002 ya upande wa Muungano. Mwaka 2016 sheria hiyo ya 2002 iliongezewa kifungu kinachomtaka mtumishi wa umma amalize kwanza njia za ndani za kudai haki kabla ya kukimbilia zile za sheria za kazi. Ngazi za ndani zina muda wake, nje nako kuna muda wake, na anayepanda ngazi moja akidhani siku za ile nyingine zimesimama anaweza kuteleza bila kujua.

Wapo watakaosema muda wa ukomo lazima uwe mkali, maana kumbukumbu za watu huchakaa, mashahidi huhamishwa au kustaafu, majalada hupotea, na mkuu wa taasisi hawezi kuishi akiogopa lalamiko la miaka kumi iliyopita. Wana haki. Sitetei kuufuta muda. Lakini katika kutotenda kunakoendelea, ushahidi haujachakaa: ngazi ipo, mtu yupo, ombi liko masjala likiwa na mhuri wa kupokelewa. Na hofu ya madai ya miaka mingi ina dawa. Marekani, mwaka 2007, Mahakama ya Juu ilimnyima Lilly Ledbetter madai yake ya kulipwa chini ya wanaume kwa hoja kwamba muda ulianza tangu maamuzi ya zamani ya mshahara, hata kama kila hundi iliyofuata ilibeba upungufu ule ule. Bunge likajibu kwa sheria ya mwaka 2009: kila malipo yenye ubaguzi huanzisha muda upya, ila malimbikizo hayadaiwi zaidi ya miaka miwili nyuma. Mlango wa kulalamika ukafunguliwa, deni la mwajiri likawekewa mpaka. Sioni kwa nini kizingiti na ngazi visihesabiwe kwa njia hiyo hiyo.

Wengine watajibu kwamba anayechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda. Ni kweli, lakini tazama anachotakiwa kuthibitisha. Mahakama ya Rufaa ya Tanzania, ambayo rufaa za Zanzibar pia huishia kwake, ilikusanya vigezo katika shauri la Lyamuya Construction la mwaka 2010: mwombaji aeleze kipindi chote cha kuchelewa, ucheleweshaji usiwe wa kupindukia, na aonyeshe bidii, si uzembe. Kwa kiziwi aliyetafuta mkalimani wiki kadhaa, au asiyeona aliyesubiri mtu wa kumsomea kanuni, kueleza kila siku ni kudaiwa hesabu ya kizuizi kile kile anachokilalamikia. Naona haki zaidi katika kanuni za watumishi wa serikali kuu ya Marekani. Wana siku 45 tu za kumwona mshauri wa malalamiko, muda mfupi kwa kweli, lakini kanuni yenyewe inaamuru muda uongezwe kwa anayeonyesha kwamba hakujulishwa kuhusu siku hizo na hakuzijua kwa njia nyingine. Uzito wa kutangaza unamwangukia mwajiri.

Nikirudi kwenye istilahi, ningependa Baraza la Kiswahili la Zanzibar (BAKIZA) na waandishi wa sheria waibakishe "muda wa ukomo" kama jina la kanuni, kwa sababu imekwisha zoeleka mahakamani, lakini kila inapotokea katika kanuni za utumishi iandamane na istilahi ya pili yenye uzito sawa: "siku ya kuanza kuhesabu". Na siku hiyo isiachwe kwenye kitenzi "kuzuka". Kwa maombi ya marekebisho mahali pa kazi, iwe siku mtumishi alipokabidhiwa jibu la maandishi, kwa njia anayoweza kuisoma au kuielewa, likitaja kukataliwa kwake na idadi ya siku alizonazo. Pasipo jibu hilo, hesabu ianze upya kila siku ya kazi ambayo kizuizi kingali pale, na malimbikizo yawekewe mpaka wa miaka. Afisa utumishi asiyetaka muda uendelee kujifungua atakuwa na njia nyepesi ya kuuanzisha: aandike barua, aitie tarehe, na nakala yake igongwe mhuri masjala.