Utando juu ya Kioo: Historia ya Mlango wa Shawa katika Nyumba za Magurudumu

Utando mweupe unaoganda kwenye mlango wa kioo wa shawa, katika yale magari ya Kimarekani yaliyojengwa kama nyumba ndogo zenye kitanda, jiko na bafu, una historia ndefu kuliko magari yenyewe, kwa kuwa asili yake imo katika sabuni na maji, vitu viwili ambavyo uhusiano wao haukueleweka vyema hadi karne ya 19. Mwaka 1823 mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alichapisha utafiti wake juu ya mafuta ya wanyama, akaonyesha kwamba sabuni ni chumvi ya asidi zitokanazo na mafuta hayo. Kwa msingi huo iliwezekana kueleza kwa nini sabuni hukataa kutoa povu katika maji magumu, yaani maji yaliyopita katika miamba ya chokaa yakabeba kalsiamu na magnesiamu: madini hayo hushikana na asidi za sabuni na kuzaa kitu kisichoyeyuka, ambacho huelea kama machicha na kunata popote kinapogusa. Thomas Clark wa Aberdeen, Uskoti, aliugeuza udhaifu huo kuwa kipimo, kwani aliukadiria ugumu wa maji kwa kiasi cha sabuni kilichohitajika ili povu lidumu.

Ni vema kutofautisha uchafu wa aina mbili ambao jicho huuona kama mmoja. Wa kwanza ni huo wa sabuni iliyoungana na madini. Wa pili ni magaga, yaani chokaa tupu inayobaki tone la maji likikauka lenyewe juu ya kioo, hata kama hakuna aliyeoga kwa sabuni. Siki, ambayo ni asidi hafifu, huyayeyusha magaga upesi, lakini mbele ya machicha ya sabuni nguvu yake hupungua, na hapo ndipo wengi hukata tamaa na kushika steli wulu, kosa ambalo kioo hakilisahau.

Maji yaliingia katika nyumba hizo hatua kwa hatua. Wally Byam, mwasisi wa kampuni ya Airstream, alitoa tela lake la alumini liitwalo Clipper mwaka 1936, na mwaka 1957 kampuni hiyo ikaleta tela la International, lililoweza kuwapa wasafiri taa, joto na maji moto bila kuunganishwa na mitambo ya nje. Msafara wa tela 41 ambao Byam alifunga nao safari mwaka 1959 kutoka Cape Town hadi Cairo, ukapita Kenya na Ethiopia, ulikuwa ushahidi wa dhahiri kwamba nyumba ingeweza kubeba maji yake hadi mbali kabisa na bomba la mji.

Kwa muda mrefu shawa za vyombo hivyo zilizibwa kwa pazia la plastiki, ambalo ni jepesi na haliogopi mtikisiko wa barabara. Kioo kilihitaji kwanza kufanywa salama kwa kukazwa, yaani kupashwa joto zaidi ya nyuzi 600 za Selsiasi na kupoozwa ghafla kwa hewa, hivi kwamba kikivunjika hutawanyika vipande vidogo butu badala ya mapande makali. Kuanzia mwaka 1977 kanuni ya serikali kuu ya Marekani ililazimisha milango ya shawa itengenezwe kwa kioo cha usalama.

Hata hivyo safari yenyewe ni adui wa kioo. Tangi ni dogo, kwa hiyo muogaji hujilowesha, hufunga maji, hujipaka sabuni, kisha hujisuuza kwa uchache, na suuza hiyo fupi huiacha sabuni ukutani. Maji nayo hubadilika kila kituo, leo laini, kesho magumu ya Arizona au Texas. Sabuni za kutengenezwa kiwandani bila mafuta ya kawaida, ambazo Wajerumani walianza kuzitafuta wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kwa sababu ya uhaba wa mafuta, haziungani na madini kwa namna ile, na kuogea aina hiyo kumeupunguza utando kuliko dawa nyingi za kusugulia. Magaga, lakini, hayajali aina ya sabuni.

Jibu la magaga lilitoka kwa wasafisha madirisha. Ettore Steccone, mhamiaji kutoka Italia aliyefanya kazi hiyo Oakland, California, alichoshwa na kifutio kizito cha chuma cha wakati wake, chenye mipira miwili na skrubu 12 za kufungua kila mpira ulipochakaa, akabuni chepesi cha shaba ya manjano chenye ulimi mmoja wa mpira, na kukipatia hataza mwaka 1936. Ubora wake ni kwamba hakisugui chochote: huyaondoa maji kabla hayajakauka, pamoja na madini yaliyomo. Katika bafu la gari, ambamo hewa ni finyu na unyevu hukawia kutoka, kifutio cha namna hiyo huning'inizwa kando ya mlango, na anayeoga mwisho hukivuta kutoka juu hadi chini, kipande kwa kipande, huku maji yakiteremkia katika tangi la maji machafu.