Ikola, Kipili, Maswa: majina ya Tanganyika yanayonadiwa ughaibuni

Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa shughuli za uvuvi upande wetu wa Tanzania, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, gumzo lilikuwa kitoweo: dagaa watatoka wapi, migebuka itauzwa bei gani. Ni haki. Lakini ziwa hilo lina samaki wengine, wadogo wa miambani, ambao hakuna anayewapikia ugali. Hao hununuliwa wakiwa hai, kwa mnada wa mtandaoni, na watu ambao wengi wao hawajawahi kuliona ziwa lenyewe.

Fungua mnada wa samaki wa mapambo wa Marekani au Ujerumani, utakutana na majina ya nyumbani: Ikola ya Katavi, Kipili ya Rukwa, Kigoma, na Maswa, ambayo si ile ya Simiyu bali ni ya mwambao wa ziwa. Kila jina ni aina ya rangi. Samaki aitwaye Tropheus hula mwani unaoota juu ya mawe, na haachi mawe hayo. Ghuba yenye mchanga kwake ni kama ukuta. Kwa hiyo kila kipande cha miamba kimelea samaki wake. Wa Ikola ni mweusi mwenye mshipi mpana wa njano, na ukisogea mwambao kidogo unakuta vazi jingine.

Wazungu waliwaandika mapema. George Boulenger wa jumba la makumbusho la London aliwaeleza mwaka 1898, kutokana na samaki waliokusanywa na J.E.S. Moore. Biashara yenyewe, hata hivyo, ina jina moja kubwa: Pierre Brichard, Mbelgiji aliyetangulia kusafirisha samaki wa Mto Kongo, kisha mwaka 1971 akaanza kuwasafirisha wa Tanganyika kutoka Burundi. Alipiga mbizi, akaandika vitabu, na hadi leo yuko samaki anayeitwa brichardi. Wapenzi wa samaki humwita pia Binti Mfalme wa Burundi.

Huko samaki hawa walikofika, walinadiwa kwanza kumbini. Vyama vya wapenzi wa samaki wa aina hii, kama kile cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1967, viliweka mifuko ya maji mezani na wanachama wakapandisha dau kwa mikono. Intaneti ilipoingia majumbani, mnada ukahamia humo. Muuzaji humnyima samaki chakula siku moja au mbili asichafue maji, humtia kwenye mfuko wenye maji kidogo na oksijeni nyingi, hufunga boksi la povu na kulituma haraka.

Ugomvi mkubwa umekuwa juu ya frontosa, yule mwenye nundu kwenye paji la uso. Huishi kina kirefu, na wapiga mbizi humpandisha hatua kwa hatua, kwa siku kadhaa, kibofu chake cha hewa kisimuue. Wa Kigoma ana mistari saba, ukihesabu na ule unaopita jichoni. Wa kwingine wengi wana sita. Kwa mnunuzi, mstari mmoja ni pesa. Kisha mwaka 2003 Wajapani wawili, Takahashi na Nakaya, wakaeleza kwamba wale wa kusini ni aina nyingine kabisa, Cyphotilapia gibberosa, na ushahidi wao mmoja ulikuwa hesabu ya safu za magamba ubavuni. Wauzaji wengi waliendelea kuwaita wote frontosa. Vifaranga ni vigumu kuwatofautisha, na ukiwachanganya tangini huzaliana. Mtu hulipia jina la Mpimbwe, mahali pengine pa mwambao huo, akalea miaka kadhaa, ndipo akagundua amefuga chotara. Hapo hukasirika kama aliyeuziwa kiwanja chenye hati ya uongo, nami namwelewa: alichonunua hasa ni mahali.

Vita vya Burundi vilikuja mwaka 1993, vikavuruga biashara ya huko. Siku hizi wengi wa samaki hawa huzaliwa kwenye mabwawa ya Florida na matangi ya Ulaya. Bado hunadiwa kwa jina la Ikola, na Ikola haipati hata senti.

Jambo hili linaniuma. Ningetaka mtoto wa shule ya msingi Ikola aonyeshwe yule mweusi wa mshipi wa njano, palepale mawe yanapoingia majini, aambiwe kwamba kuna watu wanaomtambua samaki huyo kwa jina la kijiji chao.