Nani Anapanga Bei? Kutoka Tume ya Bei hadi Kanuni za Kompyuta

Tarehe 12 Aprili 1984, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki katika ajali ya gari huko Dakawa, mkoani Morogoro, akiwa safarini kutoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Chuo Kikuu cha Kilimo kilichoanzishwa mjini Morogoro mwaka huohuo kinabeba jina lake. Wengi humkumbuka kwa uadilifu wake. Ni wachache wanaokumbuka kwamba vita vyake vya mwisho, vile vya kupambana na wahujumu uchumi vilivyoanza mwaka 1983, vilikuwa kwa kiasi kikubwa vita vya bei.

Nilikumbuka historia hiyo hivi karibuni, mwanafunzi wangu wa zamani aliponionyesha simu yake. Kijana huyu huuza mtandaoni mdalasini na pilipili manga anazozinunua kwa wakulima wa Kinole, kwenye miteremko ya mashariki ya Uluguru. Aliniambia kwa furaha kwamba hahangaiki tena na bei. Ameweka kanuni, na programu inahakikisha kwamba bei yake iko shilingi 100 chini ya muuzaji mwenye bei ya chini kuliko wote. Nikamuuliza: itakoma wapi? Hakuwa na jibu.

Swali hilo si geni katika nchi yetu. Mwaka 1973 Bunge lilipitisha sheria ya kudhibiti bei, na Tume ya Taifa ya Bei ikaundwa. Kazi yake ilikuwa kukokotoa gharama za kiwanda, usafiri na faida halali, kisha kutangaza bei ambayo mwenye duka hakuruhusiwa kuivuka. Katika muongo huohuo Serikali iliweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, ili mkulima wa pembezoni apate sawa na aliye karibu na reli. Nia ilikuwa ya haki. Hata hivyo, kanuni ile haikuwa na masikio. Gharama za uzalishaji zilipopanda na fedha za kigeni zilipokauka, bei iliyoandikwa kwenye karatasi ilibaki palepale, nayo sabuni na sukari zikahamia mlango wa nyuma. Neno "ulanguzi" likawa msamiati wa kila siku. Wananchi walipanga foleni kwa bidhaa iliyokuwa na bei nzuri lakini haipo.

Bajeti ya mwaka 1984 ilianza kulegeza masharti hayo, na makubaliano ya mwaka 1986 na Shirika la Fedha la Kimataifa yakaongeza kasi ya mageuzi. Tuliambiwa kwamba kuanzia hapo bei itapangwa na soko. Kauli hiyo ilificha jambo moja: soko halina mkono wala kalamu. Daima yuko mtu anayepanga. Kwa wakulima wa Mgeta, mtu huyo amekuwa mara nyingi mnunuzi mwenye gari, anayejua bei ya asubuhi ile Kariakoo wakati mwenye kabichi haijui.

Leo kalamu imekabidhiwa kompyuta. Kanuni za kubadilisha bei zenyewe ni nyepesi kueleweka. Muuzaji huiambia programu mambo matatu: imfuate nani, imzidi au imshushe kwa kiasi gani, na isivuke mipaka ipi ya juu na ya chini. Kisha programu hutazama bei za washindani usiku na mchana na kurekebisha bila kuchoka. Hatari imo katika jambo la tatu, kwa sababu ndilo linalosahaulika.

Tuchukulie wauzaji wawili wa pilipili manga, kila mmoja akiwa na kanuni ya kuwa asilimia moja chini ya mwenzake. Bei ikianza shilingi 20,000 kwa kilo, baada ya marekebisho 50 itakuwa takriban shilingi 12,100. Kwa mashine, marekebisho 50 yanaweza kuwa kazi ya siku moja. Hakuna mnunuzi aliyelalamika, hakuna mavuno mapya yaliyoingia sokoni. Kilichotokea ni kanuni mbili kushindana hadi zikapita gharama. Na mfanyabiashara akishapata hasara, anapanda mlimani kumwambia mkulima kwamba bei imeanguka.

Kanuni inaweza pia kupaa. Mwezi Aprili 2011, katika soko la mtandaoni la Amazon, kitabu cha biolojia kiitwacho The Making of a Fly kilifikia bei ya zaidi ya dola milioni 23. Muuzaji mmoja alikuwa amejiwekea kanuni ya kuuza kwa 0.9983 ya bei ya mwenzake; wa pili alijiwekea mara 1.270589 ya bei ya wa kwanza. Kila mzunguko ulipandisha bei kwa karibu asilimia 27, na hakuna binadamu aliyekuwa anatazama. Mwaka 2015, nchini Marekani, muuzaji wa mabango aliyekuwa akiuza katika soko hilohilo alikiri kosa la kula njama na washindani wake kupanga bei kwa kutumia programu. Kumbe mashine inaweza kumkandamiza muuzaji, na inaweza pia kumkaba mnunuzi.

Je, turudi kwenye Tume ya Bei? Sisemi hivyo. Lakini ipo tofauti kubwa kati ya kanuni iliyo wazi na iliyofichwa. EWURA hutumia kanuni kukokotoa bei kikomo za mafuta kila mwezi: bei ya soko la dunia, thamani ya shilingi, usafiri hadi kila mji. Mkazi wa Morogoro anaweza kuikosoa, kwa sababu vipengele vyake vimetangazwa. Kanuni ya soko la mtandaoni haioni mkulima wala mnunuzi.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza makubaliano ya kupanga bei. Watumishi wa umma wanaoisimamia wanapaswa kujiandaa kwa makubaliano yasiyofanyika hotelini wala kwa simu, bali ndani ya programu. Msingi uwe mmoja: aliyeweka kanuni ndiye anayewajibika kwa matokeo yake. "Kompyuta ndiyo iliyofanya" si utetezi.

Wanaharakati nao waulize, pale vyama vya wakulima vinapofundishwa biashara ya mtandao, kama vinafundishwa pia kukokotoa bei ya chini: malipo ya mkulima, kukausha, vifungashio, usafiri, ada ya soko na hasara ya mzigo ulioharibika.

Mwanafunzi wangu na mimi tulikaa na karatasi tukafanya hesabu hiyo. Tuligundua kwamba kwa wiki mbili alikuwa akiuza mdalasini chini ya gharama, huku akifurahia wingi wa oda. Amebakiza programu, ila ameiwekea sakafu. Sakafu hiyo inaanza na bei anayomlipa mkulima wa Kinole, naye ameapa kwamba haitashushwa na mashine.