Utumbo mpana, mlinzi wa maji mwilini

MJI wa Merti, katika Kaunti ya Isiolo, uko kwenye nchi kame ambako maji ya mto Ewaso Nyiro mara nyingi hupotelea mchangani. Wafugaji wa huko wanajua kuwa mavi ya ngamia hutoka makavu, kwa kuwa utumbo wa mnyama huyo huyabakiza maji. Utumbo wa binadamu hufanya kazi hiyo hiyo, ingawa haumfikii ngamia.

Chakula hakishuki kwa uzito wake. Misuli ya umio hujikaza nyuma ya tonge na kulegea mbele yake, ndiyo maana hata aliyelala chali huweza kumeza. Tumboni huchanganywa na asidi kwa saa kadhaa, kisha huachiwa kidogo kidogo kuingia utumbo mwembamba wenye urefu wa karibu mita 6. Humo virutubisho hufyonzwa kuingia katika damu.

Jambo wasilolidhani wengi ni wingi wa maji yapitayo humo: takriban lita 9 kwa siku. Lita 2 hivi hutokana na vinywaji na vyakula. Zilizosalia ni mate, nyongo na majimaji mengine ya mwili wenyewe. Utumbo mwembamba hurudisha sehemu kubwa. Utumbo mpana hupokea zaidi kidogo ya lita moja, na kinyesi hutoka na chini ya robo lita.

Kazi hiyo huchukua siku nzima au zaidi. Anayekunywa maji machache kwenye joto hufunga choo, hasa akiishi kwa maziwa na nyama, vyakula visivyo na nyuzinyuzi. Anayejizuia kwenda haja huzidisha tatizo, maana maji huendelea kufyonzwa.

Kuhara ni kinyume chake, na ni hatari zaidi. Viini vya kipindupindu huufanya utumbo mwembamba umwage maji mengi kuliko utumbo mpana uwezavyo kuyaokoa, na mgonjwa aweza kufa kwa saa chache. Chumvi maalumu ya kuongeza maji mwilini hufaa kwa sababu sukari iliyomo huivusha chumvi kwenye ukuta wa utumbo, nayo maji hufuata. Ikikosekana, vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, huchanganywa katika lita moja ya maji safi. Maji ya visima vyenye chumvi, ambavyo vipo katika eneo hilo, hayafai kwa dawa hiyo: chumvi ikizidi, humdhuru mgonjwa. Mtoto aliyebonyea macho au anayetoa kinyesi chenye damu apelekwe hospitalini mara moja, huku akiendelea kunyweshwa njiani.